Feza, Mikono Yako Haikuwa Mizito

Kalemie, Jumamosi, saa tisa ya muchana

Mwanangu Feza,

Wewe uko kwa jirani unasukwa nywele za safari, na kwa wingi wa meshi niliouona ndani ya mufuko wako, hautatoka pale mpaka jua lizame. Kwa hiyo nina wakati. Nimefunga mulango wa biro, hii ofisi yangu ya simu na fotokopi, nimebandika karatasi: «Papa ana kazi kubwa». Watu wanapita, wanasoma, wanacheka. Waache wacheke. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, chini kabisa, na nakuomba usiifungue mpaka treni ifike Kabalo. Sitaki kuona uso wako ukiisoma.

Habari ya soksi, ya dawa, ya kusalimia wenye nyumba asubuhi, mama yako mukubwa amekwisha kuzisema zote, na nyingine amezirudilia mara tatu. Pale sina la kuongeza. Mimi nina habari moja tu. Ningekuambia kwa mudomo, lakini unanijua: nikianza kusema, habari inaota miguu. Natoka nyumbani na samaki wa kilo mbili, nafika sokoni na wa kilo makumi ine. Kalamu inanipa jasho, kila neno nalilipa, kwa hiyo hapa siwezi kuongeza kitu. Niliishia mwaka wa sita wa primere, na hata ule wa sita nafikiri mwalimu alinipitisha ili apumzike mbali na mimi. Makosa ya kuandika uyaruke tu.

Lakini kwanza ujue umetoka kwa nani.

Mbele ya simu hizi, nusu ya muji huu ulikuwa unasema kupitia mimi. Nilikuwa muntu wa foni, ile redio kubwa yenye mikro na batri ya gari, ambayo wafanyabiashara walikuja kuitia ndugu zao wa Manono, wa Kongolo, wa Nyunzu. Wengine walikuwa wanakuja bila habari yoyote, kusudi wasikie tu jinsi ninavyoita. Kuna siku batri ilikufa katikati ya maneno, mimi nikaendelea bila kujua, na Kongolo wakajibu kesho yake kwamba walisikia yote mpaka mwisho. Cheka. Waliosikia wako hai.

Kazi ya foni ni hii: unabonyeza, unasema, unaachilia, unangoja. Kubonyeza nilijua. Kusema, hakuna aliyenishinda. Kungoja njo kulikuwa kunaniua. Siku ulipozaliwa Manono, baba yako, mudogo wangu, aliniita asubuhi. «Yaya, kaka yangu, mutoto amezaliwa...» Mimi sikungoja neno la pili. Nilibonyeza, nikapiga kelele: «Mwanaume! Nilijua! Ataitwa jina langu!» Nikatupa mikro, nikatoka inje kutangaza. Baba yako huko alikuwa bado anasema, akijibiwa na ukuta. Siku tatu watu walikuja kunipa mukono kwa ajili ya mutoto mwanaume. Siku ya ine baba yako akapata foni tena, akasema polepole kama anayesema na kiziwi: «Yaya. Ni musichana. Anaitwa Feza. Sasa achilia kitufe, nimalize.»

Ungefikiri nilijifunza. Hapana.

Ulikuja kwetu na miaka tisa, ili usome hapa wakati baba yako anachimba huko. Na biro ilipopata ile antena ya kuangalia mbingu, na vijana wakaanza kujaa kucheza mupira wa kwenye simu na watu wa inchi nyingine, wewe ulikuwa unakaa nyuma ya fotokopi na daftari zako, kimya kama dawati. Mimi nilikuwa ninajifunza rezo, huu mutandao wa intaneti. Siku moja nikaona kwenye kioo wameandika ping, na mbele yake mia tatu makumi nane na saba. Mia tatu makumi nane na saba! Jirani wa barabara ya chini alikuwa na mia moja tu, masikini. Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubao wa inje kwa herufi kubwa: HAPA PING 387, HAKUNA MWINGINE KALEMIE MUZIMA.

Vijana walianguka chini kwa kicheko. Wewe ukanivuta shati, ukaniambia kwa sauti ndogo kusudi wasisikie: «Papa mukubwa, ile namba siyo magoli. Ni kungoja. Ikiwa kubwa njo mbaya.»

Nikakujibu: «Najua. Nilikuwa nakupima.»

Na ubao nikauacha siku mbili zaidi, ili muntu asiseme nimefundishwa na mutoto. Siku mbili muzima, Feza, wateja wote wakaenda kwa jirani.

Jioni ya siku ya pili ulinifundisha tena, na safari hiyo ulipita kwenye njia yangu. Ukasema: «Papa mukubwa, wewe ulikuwa muntu wa foni. Simu yangu inaita mashini iliyo mbali: Uko? Mashini inajibu: Niko. Wakati uliopo kati ya Uko na Niko, njo ping. Sekunde moja wameikata vipande elfu, halafu wanahesabu vipande.» Nilishika kichwa. Miaka yote niliyoketi mbele ya mikro, hakuna muntu aliyenieleza kazi yangu vizuri hivyo. Na ulikuwa na miaka kumi na mine.

Tangu siku ile nilianza kukuangalia. Wengine walikuwa wanakuja, wanaketi, wanacheza, wanashindwa, wanatukana rezo. Wewe ulikuwa unapima kwanza. Na siyo mara moja. Ulikuwa unaacha simu iite mara makumi mbili, unaangalia namba zote zikishuka mustari kwa mustari. Nikakuuliza kwa nini usichukue ile moja nzuri tukaanza. Ukasema moja haisemi kitu. Ukasema namba ya mia mbili isiyocheza ni afadhali kuliko ya mia moja inayorukaruka, kwa sababu ile ya mia mbili mukono unaizoea, lakini inayoruka hauwezi kuizoea hata ukiishi nayo miaka. Ulihamisha kile kisanduku cha rezo kutoka nyuma ya friji, mahali mimi nilikificha ili wezi wasikione. Ulichagua mashini ya kuchezea iliyo karibu, ya huku Afrika, wakati wenzako walikuwa wanakimbilia za Ulaya kwa sababu ya jina. Ukaanza kuwapiga. Wa hapa, wa Lubumbashi, wa Dar es Salaam. Kuna mwanaume mumoja wa Nairobi alikuandikia kuuliza wewe ni kaka wa miaka mingapi.

Mimi nilikusema kila mahali. Bandarini nilikusema, kanisani nilikusema, kwa kinyozi nilikusema mpaka kinyozi akanikata sikio kidogo. Hiyo sikuongeza, alama iko.

Sasa tunafika.

Mwaka jana, ile mechi ya kutafuta wawili wa kwenda mashindano ya Lubumbashi. Unaikumbuka kuliko mimi. Biro ilijaa mpaka kwenye madirisha. Ulipima mbele ya kuanza: mia moja kumi na nane, mia moja kumi na tisa, mia moja kumi na nane, kama muntu anayetembea bila haraka. Ukaniangalia, ukainua dole gumba. Kipindi cha kwanza ulimupiga yule kijana wa Kinshasa mbili kwa sifuri. Halafu akarudisha moja. Halafu ya pili. Halafu penalti, na wewe, mwenye kushika penalti za watu wazima wa inchi sita, golikipa wako alikuwa anaanguka wakati mupira umekwisha kulala ndani ya wavu. Zote tano. Uliweka simu juu ya meza, ukaangalia mikono yako, upande huu na upande huu, kama vile ni ya kuazima.

Watu walipotoka uliniuliza swali moja. Ulisema: «Papa mukubwa, nilipima na ilikuwa nzuri. Kuna muntu aliyeingia kwenye rezo yetu katikati?»

Nikakujibu: «Hapana. Hakuna muntu.»

Feza, muntu alikuwa mimi.

Ilikuwa hivi. Ulipofunga goli la pili nilitoka nyuma ya biro, nikamupigia baba yako kwa video, ili amuone binti yake. Hiyo peke yake pengine rezo ingeibeba. Lakini baba yako akasema: «Yaya, anacheza kama radi!» na mimi nikasikia tamu, nikaongeza ndugu wa Kongolo. Halafu shemeji wa Nyunzu. Halafu wale wa Moba ambao hata hatusalimiani. Tukawa watu tisa ndani ya kioo kimoja, wote wanapiga kelele, na mimi nimeinua simu juu ya dirisha nikiwaonyesha mugongo wako, nikisema: «Huyo ni wangu! Mimi njo nilimufundisha!» Kila neno langu lilikuwa linapita kwenye mulango uleule mwembamba ambao mukono wako ulikuwa unataka kupita. Wewe ulibonyeza kwa wakati wake, kila mara. Mimi nilikuwa nimesimama mulangoni, na tumbo langu.

Siku ile sikujua. Naapa. Nilijua kesho yake. Wewe ulikuwa umelala na uso ukutani, na mimi nikaketi peke yangu, nikafanya kama nilivyokuona unafanya. Nikaacha simu iite mara makumi mbili: mia moja kumi na nane, mia moja makumi mbili. Nikawaita wale ndugu kwa video. Mia tano. Mia tisa. Mustari mumoja haukurudi kabisa. Nikazima video: mia moja kumi na nane. Nikawasha, nikazima, mara ine, nikitumaini kwamba ni shetani. Haikuwa shetani.

Sasa ungefikiri niliinuka, nikaja kukuamsha. Muntu mwenye akili angekuja. Mimi nilitoka barabarani, na watu wakaniuliza mutoto amepatwa na nini, na mudomo wangu ukafunguka wenyewe: nikasema kiboko alitoka mutoni Lukuga wakati wa penalti, akakanyaga waya wa antena. Nikaona wanasikiliza, nikampa kiboko mutoto mugongoni. Muchana nilichukua sufuria ya mama yako mukubwa nikapiga alama za nyayo ndani ya matope nyuma ya biro. Watu walikuja kuziangalia! Lakini Kasongo, yule wa pikipiki, aliinama akasema: «Kiboko huyu ana chapa ya Aluminium.» Ikawa kicheko cha muji. Na kwa sababu kiboko alikuwa wa uongo, wakasema rezo nayo ni ya uongo, Papa anamutafutia mutoto wake sababu, mutoto mwenyewe njo ana mikono mizito. Na wakakupa jina. Kiboko.

Rezo ilikuwa ya kweli, Feza. Mimi njo niliizika chini ya munyama.

Miezi ine haukugusa simu. Ulipoanza tena, nilishukuru Mungu, nikasema basi imepita. Mwaka huu ulishinda mpaka wakakuita Lubumbashi, na siku ile ya mechi mimi nilikuwa nimejipeleka Nyunzu kwa nguvu, nikisema kuna msiba. Hakukuwa na msiba. Niliketi kwa shemeji na simu iliyozimwa, nikakula ugali wake siku mbili, nikangoja. Hiyo nayo ilikuwa adhabu, kwa sababu shemeji hana hadithi hata moja.

Lakini Jumatano hii nilikuangalia ukicheza na Kasongo, na nikaona kitu kilichonikata. Unabonyeza mapema. Mbele ya yule mwenzako kuinua muguu, dole lako limekwisha kushuka. Kasongo alikufunga mara tatu kwa kukungojea tu. Nikakuuliza kwa nini, ukasema kwa sauti ya kawaida, kama muntu anayesema urefu wake: «Mikono yangu ni mizito, Papa mukubwa. Lazima nianze mbele ya wengine.»

Kule Lubumbashi mutakuwa nane, na wanataka mushindi mumoja tu. Wana waya wa kweli, ping ndogo, unakohoa tu, imefika. Ukibonyeza mapema pale, watakusoma kama barua. Utarudi hapa ukiamini kwamba mikono yako ni mizito kweli, na kosa ni langu. Hicho njo kilinifanya nitafute kalamu.

Juzi nilimupigia baba yako, sauti tu, bila video. Nikamwambia yote, na watu tisa, na sufuria. Kukawa kimya. Nikafikiri rezo imekatika, nikaangalia kioo, haikukatika. Alikuwa pale. Nikangoja. Feza, nilingoja mpaka sikio likaniuma, na sikusema kitu. Halafu akasema: «Na mutoto anajua?» Nikasema hapana. Akasema: «Basi mimi unaniambia nini? Muandikie yeye.»

Na leo asubuhi, wakati ulikuwa sokoni na mama yako mukubwa, biro ilijaa wale wa kila siku. Nikapanda juu ya kiti.

Kasongo akasema: «Nyamazeni, leo tunaletewa mamba.»

«Leo hakuna munyama,» nikasema. Na nikawaeleza, kuanzia video mpaka nyayo. Sikuweka chumvi. Katikati nilisikia tamaa ya kusema tulikuwa watu makumi tatu ndani ya ile simu, nikaimeza.

Nikashuka kwenye kiti. Halafu Kasongo akasema: «Kwa hiyo, Papa, kiboko mwenyewe njo wewe.»

Ah, walicheka! Mimi nami nilicheka, kwa sababu ni kweli na kwa sababu nilitaka kulia. Lakini Kasongo alikuwa wa kwanza kuacha kucheka. Akageuza simu yake uso chini. «Mwaka muzima nilimuita Kiboko,» akasema. «Na alikuwa ananiitika.»

Basi hakuna aliyecheza tena kwa muda. Kesho watakuja stasioni kuita jina lako la kweli kwa sauti kubwa kupita kiasi; ukisoma hapa utakuwa umekwisha kuwasikia, na sababu njo hii. Nimewaomba waniachie mimi kueleza.

Sina shauri nyingi. Pima mbele ya kucheza, kama kawaida yako. Lakini pima tena katikati, kwa sababu mimi nilikuja katikati. Uliza nani yuko juu ya rezo, na wakikujibu hakuna muntu, inuka uende kuangalia wewe mwenyewe, hata kama anayekujibu ni muntu unayemuita Papa. Na ukikuta namba ni nzuri, ni ndogo, haiendi juu wala chini, achilia dole. Acha mwenzako ainue muguu. Una wakati. Ulikuwa nao siku zote. Mimi njo nilikula wakati wako.

Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie muzuri, usifanye haraka. Ukitaka kukaa wiki bila kunipigia, kaa. Nimefanya kazi ya kuita watu maisha yangu yote, sasa nitafanya ile nyingine. Ila usikasirikie mikono yako. Mikono ile niliishika ikiwa midogo, ikivuka barabara ya kwenda shuleni, na haikuwa mizito hata siku moja.

Siku ya mashindano, saa yako ikifika, nitazima simu yangu. Najua haitakusaidia kitu, huko una rezo yako na hapa nina yangu, usinicheke. Nitaizima tu. Nitakaa mbele ya biro kwenye kiti, na watu watakuja, wanavyonijua, wataniuliza: «Papa, Feza anachezaje?» Nami nitawajibu: «Sijui. Tungoje aseme mwenyewe.»

Ni mimi,
Papa yako mukubwa